Kijana Akiweka Ufunguo Mezani, Tusikimbilie Kumwita Mvivu



Hapana mtaa wa Ng'ambo wala uchochoro wa Mji Mkongwe ambao haujapata kuisikia khabari hii. Kijana wa miaka 16 au 17 ametoka skuli. Jamaa wamehangaika, wamepiga hodi huku na huku, hata kapatiwa kazi. Kazi yenyewe ni kukaa mlangoni mwa duka la vinyago na kuwaita wageni, au kuhesabu mashuka ya hoteli yatokayo kwa dobi, au kupanga maboksi katika ghala la Darajani. Miezi minne, miezi mitano, kimya. Halafu siku moja, si siku ya mshahara wala mwisho wa mwezi, saa nne ya asubuhi, kijana anaweka ufunguo juu ya meza, anasema, "Basi," na anakwenda zake. Hakugombana na mtu. Hakuiba. Hakutukanwa siku ile. Kachoka tu.

Haujafika wakati wa magharibi, baraza imekwisha kutoa hukumu. "Mvivu." "Watoto wa siku hizi hawataki jasho." "Kazi ipo miguuni, yeye anaipiga teke." Mama yake anaona haya kupita njia kuu. Mjomba aliyemtafutia kazi anasema ameaibishwa mbele ya watu, na kwamba hatamsaidia mtoto wa mtu tena.

Sisi twaona kesi hii imekatwa na upande mmoja haukusikilizwa. Hatusemi kijana ana haki yote, wala hatusemi hana. Twawaomba ndugu zetu, wazee kwa vijana, watupe subira tuyapime mambo matatu: neno lenyewe "mvivu", kazi aliyoiacha, na namna aliyoiacha.

Tuanze na neno. Neno hili "mvivu" lina historia katika kisiwa chetu, na mwenye kulitumia ni vizuri ajue limepitia midomo ya nani kabla ya kufika mdomoni mwake.

Mwezi wa Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya ulinzi wa Waingereza, alitoa amri kwamba mahakama za Unguja na Pemba hazitatambua tena mtu kumiliki mtu. Mtumwa aliyetaka uhuru wake alikwenda mahakamani kuudai. Lakini amri ile ile ilikuwa na mkia. Aliyekuja kudai uhuru alitakiwa aonyeshe atakaa wapi na atakula nini. Akishindwa, angeweza kuhesabiwa mzururaji. Sababu yake ilikuwa dhahiri shahiri. Wakubwa wa serikali na wenye mashamba waliogopa kwamba karafuu zitaoza juu ya miti kwa kukosa wa kuzichuma. Kwa hivyo swali la kwanza aliloulizwa mtu huru halikuwa "Umedhulumiwa nini?" bali "Utafanya kazi gani, na wapi?"

Wengi katika watu wale hawakukataa kazi. Walilima vishamba vyao vya muhogo na mtama. Walikuja mjini wakabeba magunia na kujenga nyumba. Msimu wa karafuu ulipofika na ujira ukawa mzuri, walikwenda kuchuma. Walichokataa ni kukaa mahali pamoja, mwaka mzima, chini ya mtu yule yule, kwa ujira autakao yeye. Na kwa kukataa hilo waliitwa wavivu. Mgongo uliobeba magunia tangu alfajiri hata magharibi uliitwa mgongo wa mvivu, kwa kuwa ulibeba magunia ya mtu mwingine.

Basi tuzingatie. Mtumwa na mtu huru wote wawili hufanya kazi. Wote hutoka jasho, wote huchoka. Tofauti yao kubwa ni moja: mtu huru anaweza kuweka ufunguo mezani akaondoka, na hapana mlinzi wa kumfuata. Haki hii hawakuipata babu zetu kwa bei rahisi. Kijana wa leo anapoitumia, hata akiitumia vibaya, tusimkemee kana kwamba kaiba. Kaitumia mali yake. La kumuuliza ni kama kaitumia vizuri.

Tuje katika kazi yenyewe.

Wako watakaosema: "Nyie mwawalea vijana. Kila kazi inachosha. Mchagua jembe si mkulima." Hayo ni maneno ya kweli, na hatuyapingi. Watazameni akina mama wa Paje na Jambiani. Tangu 1989, kilimo cha mwani kilipoanza katika pwani ile ya mashariki, maji yakitoka wao huingia, huinama, hufunga mbegu moja baada ya moja kwenye kamba, na kesho yake hurudi wakafunga nyingine. Ni kazi gani ya kuchosha kuliko hiyo? Lakini wako waliosomesha watoto kwa kamba zile, wako walioezeka nyumba kwa mabati, na wako waliopata kushika fedha yao wenyewe mkononi kwa mara ya kwanza. Kuchambua karafuu na vikonyo usiku kwa taa ni kazi ya kuchosha. Kupiga randa mbao moja mchana kutwa ni kazi ya kuchosha. Hata sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba kusahihisha madaftari 60 yenye kosa moja lile lile si starehe.

Kwa hivyo kuchosha peke yake si dhulma. Lakini kazi ya kuchosha iko ya namna mbili, na wazee wetu wengi huzichanganya wakati wa kutoa hukumu. Iko kazi chovu yenye mlango, na iko kazi chovu isiyokuwa na mlango.

Mtoto aliyepelekwa kwa fundi wa kuchonga milango huanza kwa kufagia. Atafagia maranda miezi, atanoa patasi, atashika mbao ile fundi anapopiga nyundo. Inachosha sana. Lakini huku anafagia, jicho lake linaona. Anajua patasi hii ya ua na hii ya mnyororo. Anajua mti wa mfenesi unachongeka vipi na msaji vipi. Siku moja fundi anamwambia, "Haya, jaribu pembe hii." Mlango umefunguka. Kijana wa namna hiyo akitupa ufagio baada ya miezi mitatu, baba yake ana haki ya kumkalisha chini na kumwambia methali ya wazee wa pwani: usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa mtazameni yule aliyewekwa juu ya kigoda mlangoni mwa duka. Kazi yake ni kusema "Karibu" kwa lugha nne na kukunja vitambaa vilivyokunjuliwa. Hesabu ya duka haoneshwi. Mali inanunuliwa wapi na kwa bei gani, haambiwi. Mwaka wa pili atasema "Karibu" kama alivyosema mwaka wa kwanza. Akiumwa, kigoda kitakaliwa na mwingine kabla ya adhuhuri, na wateja hawatatambua.

Sisi twapendekeza mizani nyepesi, ambayo mzazi ye yote anaweza kuitumia nyumbani bila ya kwenda kwa wakili. Baada ya miezi sita, muulize mwanao maswali matatu. Je, unajua jambo gani leo ambalo hukulijua ulipoanza? Je, yuko mtu juu yako ambaye siku moja waweza kushika nafasi yake? Je, tajiri wako hukusemeza lo lote zaidi ya kukutuma? Majibu yote matatu yakiwa "hapana", basi usimhubirie subira. Subira ni kungoja kitu. Anayengoja mahali ambapo hapana kitu kijacho hasubiri, anapoteza umri.

Hapa twataka kusema na matajiri wetu, wenye maduka, wenye mikahawa na wenye hoteli za kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi. Mwalalamika kwamba vijana wa Unguja hawakai kazini, na kwa hivyo mwaleta watu kutoka mbali. Nasi twauliza: mmewafungulia mlango gani? Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, ipo, na inazungumzia mikataba, haki na wajibu wa pande zote mbili. Ni wangapi kati yenu mliompa kijana karatasi yake mkononi, akaisoma, akajua saa zake, likizo yake na notisi yake?

Na liko jambo jengine. Masika yakiingia, mwezi wa nne, wageni wakapungua, kijana huambiwa kwa neno moja: "Pumzika, tutakuita." Hapana barua, hapana siku iliyotajwa. Ikiwa tajiri anaweza kumwacha kijana kwa neno moja wakati wa mvua, asistaajabu kijana akimwacha tajiri kwa neno moja wakati wa kaskazi, vyumba vimejaa na simu zinalia. Adabu ya kuagana haijifunzwi na upande mmoja. Kijana ameisoma kwenu.

Tumesema na wazee na tumesema na matajiri. Sasa kijana nawe kaa, usikilize, maana jambo la tatu ni lako: namna ya kuondoka.

Usidhani sisi ni watu wa kukuambia usiondoke kamwe. Historia yetu imejaa watu walioondoka. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika ukoo wa wafinyanzi. Kazi yake ilikuwa vyungu: kufinyanga, kuchoma, kubeba kichwani na kuvitembeza. Mwaka 1911 aliiacha Fumba akaja mjini, akajifunza kuimba pamoja na wapigaji wa ala, na mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay kutiwa sauti yake katika santuri, hata jina lake likajulikana pwani yote. Aliondoka, naam. Lakini angalieni mambo mawili. Alipoondoka alikuwa mtu mzima wa miaka kama 30, anayejua analolitaka. Na husimuliwa kwamba sauti ile waliyoistaajabia watu ilianza kusikika pale pale alipokuwa akitembeza vyungu na kuwaita wanunuzi. Kazi iliyomchosha ndiyo iliyomnolea koo. Kijana, kabla hujakitupa kigoda chako, jiulize kimekufundisha nini bila ya wewe kujua. Umesema "Karibu" kwa lugha nne? Basi una lugha nne za kuanzia. Zichukue, usiziache juu ya meza pamoja na ufunguo.

Mwalimu Julius Nyerere naye aliacha kazi. Mwezi wa Machi 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi ilibidi achague baina ya kufundisha Pugu na kazi ya siasa. Akajiuzulu ualimu mwezi ule ule. Hakuwa mtoto, alikuwa na miaka 32, ana mke na nyumba ya kutunza, na mshahara ule ulikuwa na maana kwake. Lakini nyumba aliyokuwa akihamia ilikwisha kusimama, maana TANU ilikuwa imeundwa tangu tarehe 7 Julai 1954. Alijua anakotoka na alijua anakokwenda. Huku ndiko kuondoka.

Na wako walioanza mapema zaidi. Mzee Abeid Amani Karume, aliyezaliwa 1905, aliingia ubaharia angali kijana mbichi, akazunguka dunia katika meli. Baadaye akaacha meli akarudi kisiwani, na hapo akashirikiana na wenziwe katika chama cha mashua za kuchukulia abiria bandarini. Mwaka 1964 akawa Rais wa kwanza wa Zanzibar. Kijana aliyeondoka nyumbani mapema si lazima awe kapotea. Lakini hata baharini hapana meli inayong'oa nanga bila ya kujua bandari ya pili.

Sasa tupime kuondoka kwako wewe. Uliondoka saa nne ya asubuhi, kwa kuwa saa tatu na nusu moyo ulichafuka. Mshahara wa siku 20 ulizofanya umeuacha. Barua ya kukushuhudia huna. Mahali pa kwenda huna. Nyumbani, ile fedha ndogo uliyokuwa ukimpa mama kwa ajili ya mchele haitakuja mwezi huu, na mdogo wako atakwenda skuli na viatu vile vile. Na liko kubwa kuliko hayo: kesho, kijana mwengine wa mtaa wako akipeleka ombi kwa tajiri yule, ataambiwa, "Kwenu siwataki, hamkai." Umejifungulia mlango wewe, umeufunga kwa mwenzio.

Tena, ndugu yetu, kile kigoda umekiacha pale pale. Hili ndilo tunalotaka ulitie akilini kuliko yote. Ulipoondoka peke yako, uliyebadilika ni mkaaji tu. Kesho yuko mwengine juu yake, wa miaka 16, anasema "Karibu", na mwezi wa tano naye ataweka ufunguo mezani. Hivyo hivyo, mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, na tajiri wala hapungukiwi na kitu.

Wachukuzi wa bandari ya Unguja waliijua siri hii. Kazi yao ilikuwa nzito na ujira wao haukutosha chakula, kwa sababu baada ya vita bei za vitu zilipanda na mishahara ikabaki chini. Mmoja mmoja wangeweza kuondoka, na kila siku langoni walikuwako wengine wa kuchukua nafasi. Lakini walikuwa wamesikia ya wenzao: mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, kisha wa bandari ya Dar es Salaam mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Mwaka 1948 na wao wakaweka magunia chini, siku moja, wote pamoja, na mgomo ukatoka bandarini ukaenea mjini hata mji ukapooza. Hawakuikimbia kazi. Waliisimamisha, wakasimama pembeni mwake, wakasema inavyotakiwa iwe. Adam Shafi aliufanya mgomo ule kuwa kiini cha riwaya yake ya Kuli, iliyotoka 1979, na kijana asiyeijua khabari hii aitafute aisome, kwani ni khabari ya babu zake.

Wengine watacheka. Watasema, "Nani atagoma kwa sababu ya kuchoshwa na kigoda?" Hatusemi mgome. Kuna jambo dogo zaidi ya mgomo ambalo vijana wetu hawalijaribu. Mkiwa watatu katika mtaa mmoja wa maduka, na nyote mwaona hamfundishwi kitu, nendeni pamoja kwa matajiri wenu, kwa adabu, saa ya utulivu, mseme: "Bwana, twataka kufundishwa hesabu ya duka. Twataka zamu za kwenda kununua mali. Twataka karatasi zetu za kazi." Kijana mmoja akisema hayo huonekana mjuba. Watatu wakisema, huonekana kwamba kuna jambo. Na tajiri mwenye akili atajua kwamba mtu anayeomba kufundishwa ndiye anayetaka kukaa.

Na ikiwa baada ya hayo mlango haukufunguka, ondoka, tena ondoka kichwa juu. Lakini ondoka hivi. Usiamue siku uliyoghadhibika, hasira hasara. Ngoja siku ya mshahara, uchukue haki yako. Toa notisi kama mkataba wako unavyosema. Omba barua. Mshukuru tajiri kwa lile jema aliloacha kwako, hata likiwa dogo. Mwambie mama kabla hajaambiwa na jirani. Na kabla ya yote, jua unakokwenda: kwa fundi gani, darasa gani la jioni, kituo gani cha mafunzo ya amali, kama ni Mwanakwerekwe au Mkokotoni. Anayetoka nyumba moja na ufunguo wa nyingine mkononi haitwi mtoro.

Nanyi wazazi, siku mwanao akirudi saa nne ya asubuhi, lisiwe neno lenu la kwanza "mvivu". Mkalisheni, mpeni maji, muulizeni: "Umechoshwa na nini?" Huenda jibu likawa la kitoto, mtamrekebisha. Huenda likawa jibu la mtu mzima, na mtakuwa mmejua jambo kuhusu mtoto wenu ambalo miezi mitano ya kigoda haikuwaonyesha.

Mwisho twasema na matawi yetu. Kijana aliyechoka na kazi isiyo na mlango atatafuta mlango po pote, na wako wa kumfungulia milango mibaya: unga, uwizi, na upapasi wa kuwaghilibu wageni. Akija tawini tusimpe kigoda chengine. Kijana anayeitwa siku ya mkutano kupanga viti na kubeba bendera, kisha akaambiwa akae nyuma, naye atachoka, na ataondoka vile vile bila ya kuaga. Apewe daftari la wanachama alitunze. Apewe hesabu ya michango aisome mbele ya watu. Aandike kumbukumbu za mkutano na jina lake lijulikane. Na kila tawi liwe na orodha mbili ukutani: mafundi wa mtaa walio tayari kupokea wanafunzi, na vijana wa mtaa wanaotafuta fundi. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji kalamu, karatasi, na mtu mmoja wa kupita nyumba kwa nyumba.

Nchi haijengwi na watu waliokaa kwa kuogopa kuondoka, wala haijengwi na wanaoondoka kila mara kabla ya jua kupanda. Hujengwa na wale wanaojua kwa nini wamekaa, na siku ya kuondoka wakajua wanakwenda wapi na pamoja na nani. Tuwafundishe vijana wetu hayo, nasi kwanza tuwafungulie milango.